Siku moja maishani mwangu: kocha wa mbio fupi Mombasa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ufukweni Mama Ngina. Kusi, upepo wa kusini, bado mpole. Kijana ninayemfunza, wa miaka 16, anakimbia polepole dakika kumi, ananyoosha viungo, kisha uji, mayai, shule. Mchana nachora njia uwanjani kwa chokaa, kila moja mita 1.22.

Saa kumi alasiri tunaanza na bloku, vyuma vya kuanzia mbio. Kanyagio la mbele nyayo mbili kutoka mstarini, la nyuma nyayo tatu. Mtoto anayerefuka vipimo hivi havimkai, kwa hiyo nampima upya kila mwezi. Goti la mbele likibanwa chini ya nyuzi 90, ananyanyuka badala ya kusukuma, na hatua za kwanza zinapotea.

Mpango wa leo: mita 30 mara nne, kupumzika dakika tatu kila moja, mita 60 mara tatu, kupumzika dakika sita. Jumla mita 300. Wapita njia hutuona tumekaa wakadhani ni uvivu. Mwili uliochoka haujifunzi kasi, na msuli wa nyuma ya paja huchanika wakati huo huo.

Kabla ya 60 ya mwisho akaja mzee anayeandaa mashindano ya mtaa. Jumapili alimpima kijana mita 100 kwa saa ya simu, akibonyeza kwa mkono, akapata sekunde 10.9.

“Kocha, huyu Omanyala mwengine! Tutangaze!”

Nikamweleza. Muda wa mkono huongezwa sekunde 0.24 ndipo ulingane na wa mashine ya umeme: hiyo ni 11.14. Tena alikimbia kuelekea kaskazini, Kusi mgongoni, na upepo ukizidi mita 2.0 kwa sekunde muda hauingii kwenye rekodi. Omanyala, mkimbiaji wa Kenya, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 uwanja wa Kasarani, Nairobi, 2021, akiwa na miaka 25, kule juu kwenye hewa nyepesi isiyomzuia sana mkimbiaji. Sisi tuko usawa wa bahari. Mzee akarudia yale yale. Halafu akataka Jumamosi kijana akimbie 100, 200, 400 na mbio za kupokezana kijiti.

“La, mzee wangu. Mia na kijiti, basi.”

Mazungumzo yakala dakika arubaini. Misuli ikapoa, 60 ya mwisho nikaifuta. Inaniuma, kwa sababu kasi ya mtoto huyu ni ya kweli na inataka subira.

Baada ya Magharibi najaza daftari: muda, upepo, usingizi. Nampigia mamake: wali, samaki, alale kabla ya saa nne. Kesho ana mtihani wa hesabu, hakuna mazoezi.