Sare ni ileile, fundi ndiye tofauti

Jamani wazazi wenzangu, sare haimzuii mtoto kupendeza! Binti yangu anasoma shule ya msingi ya serikali hapa Dar: shati jeupe, sketi ya bluu, viatu vyeusi, basi. Safari hii sikununua sketi ya dukani. Nimechukua kitambaa Kariakoo, nikampelekea fundi wetu wa mtaani. Kampima mtoto vizuri, marinda kayapiga pasi yakasimama, na pindo la chini kaliacha pana ili mwakani tulifumue akirefuka. Urefu unavuka magoti, mwalimu hana neno. Soksi nyeupe na vumbi letu hili ni kufua kila jioni, ila nafua kwa moyo mmoja. Sasa kaka mtu naye anadai kaptula yake ipelekwe kwa fundi huyohuyo. Wiki ijayo, Mungu akipenda.