Uzi haukutosha: siku yangu moja ya ualimu Tanga

Saa 10:45 alfajiri

Simu inalia chini ya mto. Mvua ya usiku imekatika, lakini mnazi wa jirani bado unadondosha maji juu ya bati letu. Ni Alhamisi ya mwezi wa tano, masika yamekolea. Nabandika chai, nakwangua tangawizi, natia mihogo kwenye tui. Wanangu nitawaamsha saa 12. Adhana inapita, naswali, halafu nakaa mezani na kamba.

Kamba yenyewe ni ya katani, nimeinunua jana soko la Mgandini. Naifumua uzi mmoja mmoja na kuikata kwa rula: sentimita 20, sentimita 20, mpaka vinatimia vipande 24. Darasa langu la kidato cha tatu lina wanafunzi 71, wanakaa watatu watatu, kila dawati lipate uzi wake. Leo nina vipindi viwili mfululizo vya jiografia, mada ni kusoma ramani, na ramani haisomwi kwa kutazama ubao.

Saa 1:00 asubuhi

Wiki hii mimi ni mwalimu wa zamu, kwa hiyo nasimama getini. Shule yetu ni ya kutwa, iko pembeni mwa mji upande wa kusini, njia ya Pangani. Jina lake sitalitaja, wala majina ya wanafunzi. Ni watoto wa watu. Kengele ya mstarini inagongwa saa 1:15. Anayeingia baada ya hapo ni mchelewaji, anaandikwa kwenye daftari la zamu na kupewa ufagio.

Leo wamefika kumi na mmoja baada ya kengele. Wa mwisho kaja saa 1:50, peku, suruali kaikunja hadi magotini, viatu kavishika mkononi. Kwanza akaenda bombani kuosha miguu, akavaa soksi, akavaa viatu, ndipo akanijia.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Leo tena?"

"Leo tena. Naomba unisamehe, madam."

Hivyo tu. Hakusema sababu, nami sikumuuliza. Na hapa lazima niseme kosa langu. Tangu likizo ya mwezi wa nne iishe, kijana huyu amekuwa akichelewa karibu kila siku, na kila wiki ninapokuwa na zamu, namshikisha ufagio mpaka kipindi cha kwanza kinakwisha. Fimbo sishiki. Kanuni inaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mkono wa mkuu wa shule au wa mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, lakini mimi hata hiyo idhini sijaiomba. Nilijiona mwalimu mpole. Kumbe Alhamisi kipindi cha kwanza ni changu mwenyewe! Nilikuwa namtoa mtoto kwenye somo langu kwa mkono wangu, kisha kwenye ripoti ya nusu muhula nikaandika: "Mtoro wa vipindi vya asubuhi. Aongeze bidii." Mwandiko ni wangu, na saini ni yangu.

Leo niliwaruhusu wote kumi na mmoja waingie darasani. Ningependa kusema ilikuwa huruma. Ukweli ni kwamba uwanja wote ulikuwa tope, hapakuwa na cha kufagia.

Saa 2:00 asubuhi

Nina ramani nane tu, nakala za fotokopi, skeli ya 1:50,000. Tukasogeza madawati matatu matatu, wanafunzi tisa kwa ramani moja, kundi moja wanane. Mtihani wa taifa utawajia kwa Kiingereza, nami nafundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, ila nikiona wananitazama tu na kalamu zimelala, nageukia Kiswahili. Wakishaelewa jambo, neno la Kiingereza nalo linashika.

Kupima njia iliyopinda hufanywa hivi. Unaweka ncha ya uzi mahali unapoanzia na kuibana kwa ukucha. Unaulaza uzi juu ya barabara, ikipinda unapinda nayo, bila kuuvuta na bila kuulegeza. Ukifika mwisho unaubana tena, unaunyoosha kwenye rula. Kwa skeli hii sentimita 2 ni kilomita 1. Tukaanza na reli, maana haina kona nyingi. Nikawaambia kazi ya kuijenga reli hii ilianza hapa Tanga mwaka 1893, na mwaka huohuo ndipo mkonge ulipoletwa kutoka Florida, miche ikafa njiani ikasalia 62 tu. Mashamba ya mkonge wanayoyaona kwenye ramani, na uzi walioushika vidoleni, historia yake inaanzia kwenye hiyo miche 62. Kuna mmoja aliunusa uzi wake. Mambo kama hayo hunifurahisha kuliko jibu sahihi.

Kisha nikasema: sasa kila mmoja apime njia yake, kutoka nyumbani hadi hapa shuleni.

Darasa likawa soko. Wanavutana ramani, wanatafuta misikiti yao, wanabishana mto uko wapi. Sentimita 3. Sentimita 5 na nusu. Sentimita 8, huyo anakaa Mwambani. Nikawa nazunguka, nasahihisha kucha zilizobana vibaya, mpaka nikasikia sauti nyuma:

"Madam, uzi haunitoshi."

Ni yeye. Nikadhani kaukata. Nikaenda, nikainama juu ya dawati. Kaulaza vizuri kabisa, kuliko wote niliowapita, kila kona ya barabara ya Pangani kaifuata, kisha njia ya ndani inayoshuka kuelekea baharini upande wa Tongoni. Uzi wa sentimita 20 umekwisha, na kwao bado hajafika. Nikampa kipande kingine. Akaviunga kwa fundo dogo sana, akaunyoosha kwenye rula, akasoma kwa sauti ya chini: "Ishirini na mbili."

Kilomita 11.

Nikarudi ubaoni. Hesabu niliyoiandika haikuwa kwenye andalio langu la somo. Mtu mzima akitembea kawaida huenda kilomita 5 kwa saa. Kilomita 11 atatumia muda gani? Wakapiga: saa mbili na dakika 12. Na akitaka kufika saa 1:00 kamili, atoke kwao saa ngapi? Binti mmoja wa mbele akajibu haraka: "Saa 10:48 alfajiri, madam." Saa 10:48. Mimi wakati huo nilikuwa jikoni kwangu nakwangua tangawizi.

Niliogopa kwamba nimemwanika mwenzao. Darasa lilikuwa limenyamaza, wengine wakageuka kumtazama. Nikamuuliza kama angependa kutuelezea ile njia, na kama hapendi basi. Akasimama, akaja na ramani mbele. Jamani, sijawahi kuona kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko wa ardhi, zikifundishwa vile. Akaweka kidole mahali mistari imeachana: "Hapa ni tambarare, unaweza kukimbia." Akasogeza hadi ilipokaribiana: "Hapa ndipo miguu inauma, mnapanda." Akaonyesha mkondo wa maji: "Huu mvua ikinyesha unajaa, unavua viatu." Nimefundisha kontua miaka kumi na mbili, na kila mwaka wapo wasioamini kwamba mistari ile ya kahawia ni ardhi. Leo waliamini, kwa sababu mwenzao anaikanyaga kila siku.

Kabla kengele haijalia nikawaomba wote wenye zaidi ya sentimita 14 waniandikie. Walikuwa tisa. Tisa kati ya 71 wanakaa zaidi ya kilomita 7. Nikawaandika nyuma ya andalio la somo.

Saa 4:40 asubuhi

Mapumziko. Harufu ya mihogo ya kukaanga na pilipili imejaa uwanjani. Nami naenda getini, kuna miadi yangu ya kila siku.

Kidato cha pili tuna binti aliyerudi shule mwezi wa kwanza baada ya kujifungua. Tangu Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana walioacha masomo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi, mlango uko wazi. Lakini mtu anaweza kufunguliwa mlango na bado akashindwa kuingia. Mama yake humleta mtoto saa ya mapumziko, mlinzi anatoa kigoda chake, wanakaa chini ya mwarobaini upande wa ndani wa ukuta, wasionekane na wapita njia. Ananyonyesha huku daftari la baiolojia liko pajani. Dakika ishirini hazitoshi, mtoto haijui kengele. Mimi kazi yangu ni kwenda kwa mwalimu wa kipindi kinachofuata na kumwambia, "Binti yetu anakuja." Nasema "binti yetu" makusudi.

Saa 6:15 mchana

Nimeingia ofisini kwa mkuu wa shule na karatasi yangu. Nikamwomba hawa tisa wasihesabiwe wachelewaji wa mstarini. Wakifika kabla ya kipindi cha kwanza, waende moja kwa moja darasani, hakuna ufagio. Ada iliondolewa tangu 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini kilomita hazikuondolewa.

Mkuu ni mtu wa haki, na ana watoto zaidi ya elfu wa kuwafikiria. Akavua miwani.

"Mwalimu, na wengine nao wakisema wanatoka mbali?"

"Tutawapima, mkuu. Ramani ninazo."

Akaisoma karatasi mara mbili. Jina moja likamsimamisha. Alikuwa amemwadhibu mwenyewe juzi. Akasema kesho asubuhi atazungumza na walimu wote wa zamu, akaikunja karatasi na kuitia mfuko wa shati. Nilibaki na wasiwasi, karatasi za mfuko wa shati hufuliwa. Nikarudi ofisi ya walimu nikaiandika upya kwenye daftari langu.

Mchana vipindi vitatu, kidato cha kwanza na cha pili. Binti mmoja alikuja kunong'ona, nikamwonyesha droo, anajua pedi zilipo.

Saa 9:40 alasiri

Baada ya masomo nimesimama barabarani na wale wa upande wa kusini. Daladala zinapita. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na konda akiona sare za shule anampigia dereva bati aondoe gari. Simlaumu peke yake, naye ana hesabu ya tajiri jioni. Lakini nikisimama mbele mimi mwalimu, gari husimama.

"Madam, wawili tu."

"Wanne. Watasimama, hawatakalia kiti cha mtu."

"Watatu."

Wakapanda wanne, wa nne aliingia wakati konda anapokea pesa. Gari la pili likachukua wawili. Waliobaki, yeye akiwemo, wakasema, "Tutatembea tu, madam, usijali." Akavua viatu, akavifunga kamba pamoja, akavitundika begani. Nikawaangalia mpaka kona ikawameza. Nimefanya kazi hii miaka yote na sijawahi hata mara moja kuufuata ule msafara kwa macho namna hii.

Saa 1:30 usiku

Nimesahihisha madaftari 40, mengine kesho. Daftari lake nililitafuta kwanza. Jibu lake lina mstari mmoja zaidi ya niliouliza: "Kurudi pia km 11. Jumla km 22 kwa siku." Kapigia mstari kwa rula.

Nikachukua simu. Namba iliyoko kwenye fomu yake ni ya bibi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mie mwalimu wa mjukuu wako, wa jiografia."

Kimya. Nikasikia mvua kwao pia.

"Kafanya nini tena?"

"Hajafanya kitu, bibi. Leo katufundisha ramani, darasa zima."

"Ramani ya wapi?"

"Ya huko kwenu."

Akacheka, cheko la mtu aliyekuwa ameshika pumzi. Kisha akaanza kusema, na ikaonekana alikuwa na haya maneno siku nyingi. Kila siku wanagombana. Mtoto anataka afunguliwe mlango usiku bado, aende shule, naye anakataa. Njia ina vichaka, bodaboda zapita mbio gizani, juzi maji yalikuwa kifuani kwa mtu mzima. "Namwambia baba, ngoja kuche. Yeye analia, ati mwalimu wa zamu atamtoa nje."

"Mwalimu huyo ni mimi, bibi."

Kimya tena.

"Nimekosa, sikumuuliza. Nimezungumza na mkuu wa shule leo. Hatatolewa nje tena."

"Alhamdulillahi," akasema, polepole. Akaita jina la mjukuu wake, akamwambia kitu sikukisikia, halafu akarudi kwenye simu.

"Basi mwalimu, kesho nimfungulie saa ngapi?"

"Mfungulie kukicha, bibi."