Daftari la moyo wa mama

Mama alipoanza kulalamika kwamba moyo unamrukaruka, tulimpa chai ya tangawizi na kumwambia apumzike. Alikuwa na presha ya siku nyingi, tukadhani ni hiyo hiyo. Mwaka haujaisha, asubuhi moja alishindwa kushika kikombe, mdomo ukapinda. Kiharusi.

Hospitalini Iringa mjini walimpima umeme wa moyo. Daktari akanieleza kwamba vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kukamua, damu inatuama na kuganda, na donge likichomoka hupanda kwenye ubongo. Mwenye tatizo hili hatari yake ya kiharusi ni kama mara tano ya asiye nalo. Akaandikiwa warfarini, inayozuia damu kuganda.

Vidonge vya mwezi mzima vilikuwa shilingi 9,000. Nikashusha pumzi. Lakini dozi yake hupangwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, ambacho kwa mama kilitakiwa kikae kati ya 2 na 3: kikishuka damu inaganda, kikipanda anaweza kuvuja damu. Mwanzoni tulitakiwa kwenda kila wiki. Kutoka kwetu Kilolo, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi 20,000, kipimo 15,000, chakula 6,000. Mimi ni fundi cherehani. Siku ya mjini hakuna nguo inayoshonwa. Mdogo wangu wa kidato cha pili alibaki nyumbani kumhudumia mama, muhula mzima ukampita. Shamba la viazi lililokuwa likitulisha likaota majani.

Nikafungua daftari. Baada ya wiki sita nikajumlisha: safari tu zimekula 246,000. Zipo dawa mpya zisizohitaji INR. Duka la dawa walinitajia 60,000 kwa mwezi nikaondoka kimya. Kumbe kwa wiki zile sita ningetumia kama 90,000! Ila nauli huokotezwa kidogo kidogo, na 60,000 hutakiwa mkononi kwa mkupuo. Hapo ndipo mnyonge anapolipa zaidi, na inaniuma hadi leo.

Nilimpelekea daktari daftari lenyewe. Akaniuliza mama anakula nini. Wiki moja majani ya maboga na mchicha kila siku, wiki nyingine maharage matupu. Mboga za majani zina vitamini K, inayopingana na warfarini. Ndiyo maana kipimo kilikuwa kikipanda na kushuka. Hakumkataza mboga, alitaka kiasi kisibadilike. Tukaweka bakuli moja dogo kila siku. Vidonge vya maumivu vya dukani akaviacha, na majirani walipoleta pombe ya ulanzi akasema, "Wanangu, mimi wa maji sasa." Miezi miwili baadaye INR ikatulia. Leo tunapima kila baada ya miezi miwili, siku ninayokwenda kununua vitambaa. Mdogo wangu amerudi darasani, mwaka mmoja nyuma ya wenzake.

Miaka yote ile mama alipimwa presha kwa mashine, na sikumbuki mtu aliyemshika kifundo cha mkono akasikiliza mapigo kwa dakika moja. Jambo hilo halina gharama yoyote. Jumapili iliyopita nilimshika shangazi yangu kifundo, naye ana presha. Mapigo yanaruka, hayana mpangilio. Jumatano nakwenda naye mjini, nauli nimeshaiandika.