Jumamosi ya maswali ya kipaimara

Jumamosi moja ya Novemba 1999, katika usharika mmoja wa Kiluteri kwenye miteremko ya Kilimanjaro, niliketi mwisho wa meza ya wazee wa kanisa nikiwa na daftari la alama. Kazi yangu ilikuwa kuandika tu. Mbele yetu, kwenye mabenchi, walikuwa vijana waliomaliza mafundisho ya kipaimara, ibada ya kuthibitisha ubatizo, kila mmoja na Katekisimo Ndogo, kitabu cha mafundisho cha Martin Luther, iliyochakaa pembe.

Utaratibu tuliouzoea ulikuwa mwepesi. Mzee anasoma swali, kijana anasimama na kutoa "maana yake" kama alivyokariri: Amri Kumi, Imani ya Mitume, Sala ya Bwana, Ubatizo, Ungamo, Meza ya Bwana. Aliyekariri amefaulu. Mchungaji wetu alikuwa mgeni kwetu mwaka ule, na asubuhi hiyo akaniomba nichore safu mbili mbele ya kila jina: kukariri, na kuelewa. Kijana akishamaliza kutoa jibu la kitabu, anaulizwa jambo moja ambalo kitabuni halimo. Mwinjilisti aliyewafundisha alijikohoza, akanyamaza.

Kwenye Amri Kumi mambo yalienda haraka, ila palizuka mvutano mdogo. Binti mmoja alisema "Usizini" ni amri ya sita. Mwenzake, aliyehamia kutoka kwenye familia ya Kianglikana, akasema ni ya saba. Wote wawili walikuwa sawa. Kitabu cha Kutoka sura ya 20 hakizipi amri namba. Waluteri na Wakatoliki huhesabu katazo la sanamu kuwa sehemu ya amri ya kwanza, kisha hugawa katazo la kutamani kuwa amri mbili ili zitimie kumi. Waanglikana na makanisa ya mapokeo ya Calvin hulitenga katazo la sanamu liwe amri ya pili, na kutamani kukabaki amri moja. Ndiyo maana mwalimu anayeuliza "amri ya sita ni ipi?" mbele ya watoto waliotoka makanisa tofauti anajitafutia ugomvi wa bure. Ni afadhali aitaje amri kwa maneno yake.

Kazi ilianza tulipofika kwenye Imani ya Mitume. Luther aliigawa katika mafungu matatu, Uumbaji, Ukombozi na Utakaso, badala ya vipande kumi na viwili vya mapokeo ya zamani vilivyohesabiwa kwa idadi ya mitume. Kijana mrefu akayatoa yote matatu bila kukwama. Mchungaji akamwuliza, "Miungu ni wangapi, mwanangu?"

"Mmoja, Mchungaji."

"Baba ndiye Mwana?"

Kijana akajibu kwa mfano wa maji: yakiganda ni barafu, yakichemka ni mvuke, na ni maji yale yale. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mfano huo umefundishwa katika makanisa mengi. Mchungaji akamtaka asome Mathayo 3:16-17: Mwana yuko mtoni Yordani, Roho anashuka kama hua, sauti ya Baba inatoka mbinguni, yote kwa wakati mmoja. Maji yale yale hayawi barafu na mvuke kwa pamoja. Mfano huo, alisema, unamfanya Mungu mmoja abadilishe sura kadiri ya zamu, na mafundisho ya namna hiyo, yanayohusishwa na Sabellius wa karne ya tatu, Kanisa liliyakataa zamani.

Kisha akawapa njia ya kuueleza Utatu ambayo nimeitumia kila mara tangu siku ile. Sema Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho Mtakatifu ni Mungu. Sema Baba si Mwana, Mwana si Roho, Roho si Baba. Sema Mungu ni mmoja. Ishia hapo. Ukiacha sentensi za kwanza unaangukia kwa Arius, kasisi wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Ukiacha za katikati unarudi kwa Sabellius, na ukiacha ya mwisho umebaki na miungu watatu. Mifano mingi ya mitaani huacha mojawapo.

Binti mmoja akauliza kuna hasara gani tukisema Mwana aliumbwa, mradi tunampenda. Mchungaji hakumjibu kwa historia kwanza. Alimwambia afungue ukurasa wa amri ya kwanza asome. Kama Mwana ni kiumbe, na sisi tunamwabudu, basi kila Jumapili tunavunja amri hiyo. Ndipo akaeleza kwamba mkutano wa maaskofu huko Nikea wa mwaka 325 uliweka maneno yanayomtaja Mwana kuwa amezaliwa, hakuumbwa, tena ni wa asili moja na Baba. Na kwamba Athanasius, askofu aliyeyatetea, alifukuzwa Aleksandria mara tano kwa ajili hiyo. Hoja ya Athanasius ilikuwa ya wokovu: kiumbe hawezi kuwaunganisha viumbe wenzake na Mungu.

Swali lililofuata ndilo lililoshika asubuhi yote. "Aliyekufa msalabani ni Mungu au mwanadamu?"

Wa kwanza: "Mwanadamu, kwa sababu Mungu hafi." Wa pili, baada ya kuwaza: "Nusu ile ya mwanadamu." Wa tatu alikuwa binti mdogo wa mwili, ambaye muda mfupi kabla alikuwa ametoa maana ya fungu la pili, ile isemayo tumekombolewa si kwa dhahabu wala fedha, bali kwa damu ya Kristo. Akasema, "Yesu."

"Yesu yupi? Wa mbinguni au wa Maria?"

"Si yuko mmoja tu?"

Mchungaji akaniambia nimwandikie alama kamili safu ya pili. Kwa wengine akafafanua. Mkutano wa Kalkedonia wa mwaka 451 ulikiri kwamba Kristo ni nafsi moja mwenye asili mbili, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutengana. Kufa si tendo la asili, ni tendo la nafsi, na nafsi hapa ni moja. Kwa hiyo anayesema "nusu" amemkata Kristo vipande viwili, na kipande kilichobaki msalabani ni mtu mwema tu aliyeuawa. Damu yake haina thamani kubwa kuliko ya mfia dini yeyote. Uungu kwa asili yake hauteseki, ndiyo, lakini yule aliyeteseka ni Mwana wa Mungu mwenyewe, katika mwili alioutwaa. Kwa hoja hiyo hiyo mkutano wa Efeso wa mwaka 431 ulithibitisha kumwita Maria Mama wa Mungu. Mzee mmoja aligeuka ghafla kwenye kiti, akidhani hayo ni ya Wakatoliki peke yao. Akaambiwa kwamba vitabu vya ungamo vya Waluteri vinakubali jina hilo, kwa sababu linamhusu Mwana kuliko mama. Hakufurahi.

Kwenye wokovu karibu wote walianguka pale pale: "Nitaokoka nikishika amri." Kosa hili lina chanzo. Katekisimo huanza na amri, na mtoto huona kilichotangulia ndicho ngazi. Luther aliziweka mwanzo kama mganga anayetaja ugonjwa kabla ya dawa. Dawa iko kwenye Imani. Mwalimu asiporudia jambo hilo kila anapofungua somo jipya, atahitimisha darasa la watu wanaojihesabia matendo. Matendo mema yapo, lakini hufuata. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani la Waluteri, linaweka kuhesabiwa haki kwenye kifungu cha 4, na utii mpya unakuja kifungu cha 6.

Hapo Mchungaji akagusia habari za wiki zile. Tarehe 31 Oktoba, mjini Augsburg, wawakilishi wa Kanisa Katoliki na wa Shirikisho la Waluteri Duniani, ambalo Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wake, walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Walikiri pamoja kwamba Mungu hutupokea kwa neema peke yake, katika kuiamini kazi ya Kristo na si kwa stahili yetu, na kwamba Roho hutufanya upya na kutuwezesha kutenda mema. Kijana ambaye mama yake ni Mkatoliki akasimama: "Basi mama anaweza kuja mezani nami siku ya kipaimara?" Akajibiwa kwamba bado, kukubaliana juu ya neema hakujamaliza suala la meza wala la daraja la uchungaji. Lilikuwa jibu la kweli. Lakini niliona kijana hakulitarajia.

Juu ya Meza ya Bwana yenyewe hatukukaa. Aliyesema ni ukumbusho tu alielezwa kwamba hilo ndilo lililowatenganisha Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi aliyefundisha hivyo, kule Marburg, Ujerumani, mwaka 1529, baada ya kukubaliana vifungu 14 kati ya 15.

Ubatizo ulichukua muda, kwa kuwa jirani wa kijana mmoja alimwambia kubatizwa utotoni hakuhesabiki. Mchungaji alisema nguvu ya ubatizo ni Neno la Mungu lililo pamoja na maji, na imani hulipokea Neno hilo bila kulitengeneza. Kwa haki, jirani naye ana hoja: waliotajwa kwa majina katika Matendo ya Mitume waliamini kwanza, na kuhusu nyumba nzima zilizobatizwa katika sura ya 16 maandiko hayataji umri wa waliokuwamo. Nilipenda kwamba Mchungaji hakuficha hilo. Kisha akauliza: mtoto mchanga anakata roho usiku, mchungaji yuko mbali, utafanya nini? Wakajibu, tutaomba. Ni vema, lakini Mkristo yeyote anaruhusiwa kubatiza katika hatari ya kifo. Chukua maji safi, kiasi chochote kinachoweza kutiririka, mimina kichwani ukisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maneno na maji viende pamoja, na anayemimina awe ndiye anayesema. Mtoto akipona, mpeleke usharikani aandikwe na kuombewa mbele ya watu. Habatizwi tena.

Mchana tulijumlisha alama. Waliokuwa na safu ya pili tupu walipangiwa kurudi kwa mwinjilisti Jumamosi iliyofuata, wapitie fungu la pili na la tatu. Ubishi ukabaki juu ya yule binti mdogo. Katika kukariri alikuwa amepotea kwenye Sala ya Bwana, ombi la tano, akaruka hadi la saba. Yule mzee aliyeshtushwa na jina la Mama wa Mungu alitaka arudi na wengine, kwa kuwa kitabu ni kitabu. Mchungaji akaamua apite, ila siku ya ibada yeye ndiye atakayetoa maana ya fungu la pili mbele ya usharika. Wazee wengine wakakubali. Yule mmoja akataka iandikwe daftarini kwamba hakukubali, nami nikaandika.