Picha za treni alizorudi nazo mpwa wangu

Mpwa wangu alirudi Unguja na boti ya jioni, na kabla hajala akanitia kadi ya kamera mkononi. Alikuwa Dar es Salaam, stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, akipiga picha za treni ya abiria iendayo Mbeya. Ruhusa aliomba kwa mkuu wa stesheni, hilo nilimsisitiza. Kisiwani hatuna treni ya kujifunzia. Ile reli ya Bububu iliyoanza 1905 ilikuwa ya mvuke, na imekwisha zamani. Mazoezi yake yote yalikuwa Malindi ya hapa Unguja, kwa boti zinazoingia bandarini.

Picha za mwanzo zilikuwa na utando mweupe, na taa ya kichwa cha treni imesambaa kama yai kwenye kikaango. Alidhani lenzi imekufa.

"Wakati wa kwenda, ndani ya boti kamera ulikuwa nayo wapi?"

"Juu, mjomba. Nilikuwa napiga mawimbi."

Basi ndiyo hiyo. Rasharasha za bahari zikikauka huacha chumvi kwenye kioo, na taa kali ikigonga punje zile hutawanyika. Nikaiinamisha lenzi chini ya balbu: vidoa vya kijivu, vingi vimejikusanya ukingoni. Chumvi haifutwi kavu, maana hukwaruza. Unapuliza kwanza kwa kipira cha kupulizia, unatia maji safi kidogo kwenye kitambaa laini, si kwenye kioo, unafuta kutoka katikati kwenda nje, kisha unakausha kwa upande mwingine wa kitambaa. Na anayekaa ndani kwenye kiyoyozi asijione salama. Akishuka kwenye joto la Dar lenzi hutoka jasho. Kamera ibaki kwenye mkoba uliofungwa kwa dakika 20 au 30 kwanza.

Zilizofuata zilikuwa nyeusi. Taa ya mbele ikikuelekea, kamera hudhani mwanga umezidi na kuupunguza. Pima mwanga kwenye ubavu wa behewa, weka vipimo kwa mkono, usiviguse tena. Kwa jua la alasiri huwa naanzia ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (uwazi wa lenzi), spidi 1/500 ya sekunde. Tena alisimama karibu mno na lenzi pana, kichwa kikawa kikubwa na mabehewa yakawa madogo nyuma yake. Kama mita 25 nyuma, kwa lenzi ya milimita 50 hadi 70, treni hupata urefu wake.

Za kuondoka ndizo nilizozipenda. Wengi hufunga kamera treni ikishasimama, nami naona utamu uko baada ya hapo. Kwenye vichwa vingi vya dizeli injini huzungusha jenereta, na umeme wake ndio unaoendesha mota za kwenye ekseli za magurudumu. Dereva akiongeza nguvu, mafuta hutangulia na hewa ya tabo, feni inayoisukumia injini hewa, huchelewa kidogo. Ndipo moshi mweusi unapopanda, kwa sekunde chache tu. Wakati huo treni inakwenda mwendo wa mtu anayetembea, hata 1/250 inatosha. Moshi aliupata, ila amebana fremu na kuukata juu. Acha nafasi juu ya kichwa sawa na kimo chake.

Katika picha moja mabehewa ya nyuma yalionekana kupindapinda. Akasema fokasi. Hapana, ni hewa ya moto ya bomba la moshi, kwa sababu alipiga kupitia juu ya paa la injini. Hatua chache pembeni, hewa hiyo haiko tena baina yako na mabehewa.

Zile zenye utando alitaka kuzifuta zote. Moja nilimzuia, maana namba ya kichwa ilisomeka ubavuni, na wanaoweka kumbukumbu za treni huitaka namba kuliko uzuri. Nikamwambia kwenye jina la faili aandike tarehe, namba, na njia. Njia isiachwe, maana reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1067, ile Reli ya Kati ya zamani 1000, na kichwa cha huku hakitembei kule.