Kumbukumbu ya mradi wangu: yaya atafutwe, aonekane

Juni, wiki ya kwanza

Chanzo ni mama mmoja wa Golf, mtaa wa wenye uwezo hapa Lubumbashi. Anafanya mazoezi na yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, ambaye ni kocha wa mazoezi, tangu mwaka jana. Akamsifia kwa rafiki yake, na yule rafiki akaingia Google kumtafuta. Jioni simu ikalia: "Mama Kocha, rafiki yangu anakutafuta mu telefone, hakuoni. Anaona masali tu." Masali ni zile kumbi kubwa zenye mashine na vioo ukutani. Rafiki akaenda huko, akalipa mwezi mzima, basi, tumemkosa.

Yaya hana ukumbi. Ana mikeka miwili, kamba za mpira, vyuma vya kilo 3 na 5, na begi la mgongoni. Wanawake anawafuata majumbani kwao. Mimi nina sekretariati ndogo huku Katuba: kuchapa, fotokopi, picha za pasipoti. Umeme ukikatika mchana nakaa mlangoni nikihesabu magari, kwa hiyo muda wa mradi ninao. Naandika nilivyofanya pamoja na makosa yangu, maana najua kila familia hapa mjini ina kocha wake.

Kwanza nilitafuta alipo tayari. Nikakuta ukurasa wa Facebook wenye namba aliyoiacha zamani, tangazo la pili lenye jina lililoandikwa vingine, na la tatu ambalo hata yeye hakumbuki nani alilifungua. Jina moja kwa tahajia tatu. Nilikata kipande cha karatoni, nikaandika jina moja na namba moja, nikakibandika juu ya printa. Chochote kitakachoandikwa kuanzia leo kifanane na hicho kipande, hadi nafasi kati ya tarakimu.

Halafu mzunguko. Kuna programu za kulipia zinazokuonyesha unashika nafasi ya ngapi kila kona ya mji, lakini zinataka dola kila mwezi. Mimi nilichukua daftari na pikipiki ya jirani kwa gharama ya mafuta. Vituo nane: nyumbani Katuba, soko la Kenya (komini, yaani manispaa, ya hapa mjini, si ile nchi), Kamalondo karibu na uwanja wa TP Mazembe, Posta katikati ya mji, Carrefour, Bel-Air, Golf, na mwanzo wa barabara ya Kasapa. Kila kituo nafungua dirisha la faragha ili simu isinipendelee, nawasha mahali nilipo, natafuta maneno matatu, naandika yaya anatokea wa ngapi; asipotokea, sifuri. Hapa tunaongea Kiswahili kutwa, ila tukigusa kibodi vidole vinahamia Kifaransa: "coach sportif Lubumbashi" (kocha wa mazoezi), "coach à domicile" (kocha wa nyumbani), "perdre le ventre" (kupunguza tumbo).

Golf nilisimama mbele ya geti moja nimeinamisha kichwa, naandika. Mlinzi akatoka amejifunga blanketi kwa baridi. "Papa, unapiga picha ya nyumba?" Nikampa daftari. Alisoma safu nzima ya sifuri, akanihurumia. "Bon. Enda pale mbele, hapa patron hapendi."

Sifuri vituo vyote vinane.

Wiki ya 2 na ya 3

Tumefungua wasifu wa biashara kwenye Google, ule uliokuwa ukiitwa Google My Business mpaka 2021. Ni bure. Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa jina. Yaya alitaka jina lake, likifuatiwa na "coach, minceur, ventre plat, Lubumbashi, numéro 1", yaani wembamba, tumbo bapa, namba moja. Sheria inasema jina liwe lile watu wanalokujua nalo, lililo kwenye fulana na kwenye kadi zako. Ukilijaza maneno ya kutafutwa unaweza kusimamishwa. Alininunia siku mbili. Maneno hayo nikayapeleka kwenye maelezo, ambako kuna nafasi ya herufi 750, na kwenye orodha ya huduma: mazoezi baada ya kujifungua, maumivu ya mgongo, wazee, kupunguza uzito.

Aina ya biashara ina uzito kuliko nilivyodhani. Mimi nilikuwa nimechagua ukumbi wa mazoezi kwa sababu ndiyo iliyotokea kwanza. Nikabadilisha ikawa mkufunzi binafsi wa mazoezi. Asiye na ukumbi akijiandika ukumbi, watu watakuja kugonga geti wakiuliza mashine ziko wapi.

Kwa kuwa hapokei wateja nyumbani, anwani inafichwa na badala yake unataja maeneo unayofika, yasiyozidi 20. Tuliandika komini zote za mji, tukaongeza mji wa jirani wa Kipushi, na kwa tamaa tu mji wa Likasi, ambako hajawahi kubeba begi lake.

Uthibitisho ulikuwa kwa video. Lazima iwe moja bila kukatwa, ionyeshe ulipo, kazi unayofanya, na kwamba mwenye kazi ni wewe. Ya kwanza nilipiga saa kumi na mbili asubuhi, giza la Juni halijatoka vizuri, na mkono ukitetemeka. Ikakataliwa. Ya pili saa nne. Nikaanzia kona, ambako jina la avenyu limepakwa rangi ukutani mwa duka, nikampita mama wa makala, nikafika getini, yaya akafungua kufuli kwa ufunguo wake mwenyewe, akatoa mikeka, vyuma, fulana yenye jina, na daftari la malipo huku kiganja kimefunika majina ya wateja. Katikati mtoto wa jirani akapiga kelele: "Yaya eko ku tele!" Sikukata. Mega (bando la intaneti) ziliniishia wakati wa kutuma, nikakimbia kununua nyingine, nikatuma upya. Siku chache baadaye ikakubaliwa.

Wiki ya 5

Google wenyewe wanasema wanapanga matokeo ya karibu kwa mambo matatu: unafanana kiasi gani na kilichotafutwa, uko umbali gani, na unajulikana kiasi gani. Nilikuwa nimesoma haya nikayapita. Mzunguko wa pili ukanirudisha darasani. Katuba yaya yuko wa kwanza. Kenya yuko wa pili. Posta anatokea ukibonyeza kuona orodha nzima. Golf, hakuna kitu, na wateja wenye uwezo wa kumlipa wako Golf.

Nilivyoona mimi, yale maeneo tuliyoandika hayakumsogeza hata hatua moja. Ni taarifa kwa mteja tu. Umbali bado unahesabiwa kutoka pale alipothibitishwa, hata kama anwani imefichwa. Ramani inajua anapolala, haijui anapofanyia kazi. Likasi nikaifuta kwa aibu.

Njia ya mkato ipo na kila mtu ataipendekeza: tumia anwani ya mteja wa Golf. Kocha mmoja ninayemfahamu aliweka alama yake kwenye jengo lenye duka la dawa, akapaa miezi miwili, halafu wasifu ukasimamishwa, na maoni yote ya wateja wake hayaonekani tena. Alikuwa ameyakusanya mwaka mzima. Yaya alisikia hadithi hiyo kutoka kwake mwenyewe, kwa hiyo sikuhitaji kubishana naye.

Pembeni kidogo: kijana mmoja wa Kamalondo alisikia ninachofanya akaja. Yeye watu wanamfuata, ana uwanja nyuma ya nyumba, vyuma vya saruji alivyomimina mwenyewe kwenye makopo ya maziwa, na benchi la mbao. Kwake ilikuwa kazi ya alasiri moja. Anwani inaonekana, kwa hiyo kilichobaki ni alama ikae mahali pake. Ilikuwa imedondoka ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya mzee asiyependa kelele. Namba za parseli (viwanja vya nyumba) mtaani kwao zinachanganya, basi tuliisogeza kwa kidole kwenye picha ya setilaiti mpaka juu ya bati lake, tukachukua Plus Code ya pale, yaani msimbo mfupi wa Google unaotaja mahali, sasa anaituma kwa WhatsApp badala ya kueleza "ukifika kwa mti mkubwa". Saa za kazi alikuwa ameandika masaa 24. Watu walimpigia saa saba za usiku. Tumeandika za kweli.

Wiki ya 7 na ya 8: maoni ya wateja

Hapa ndipo nilipokosea zaidi.

Yaya alitaka kumpa kila atakayeandika nyota tano kipindi kimoja cha bure. Hairuhusiwi kutoa zawadi kwa maoni, nikamzuia. Lakini mimi nikafanya la kwangu: nilichapa kadi ndogo zenye msimbo wa kuskani, nikazilaminishia vizuri, na Jumamosi moja walipokusanyika wateja tisa kwa mazoezi ya pamoja, nikawagawia wote, wakaandika palepale kwa Wi-Fi ya nyumba ile. Yalionekana manne. Matano sijayaona mpaka leo. Nadhani tisa kwa nusu saa kwenye mtandao mmoja yalinuka, na mimi ningekuwa mashine ningeshuku vilevile.

Tangu hapo ni mmoja mmoja, siku mteja mwenyewe anapofurahi. Kwa mfano siku kipimo cha kiuno kimeshuka, au ameinama akafunga viatu bila kulalamika. Simwambii mtu aandike nini wala nyota ngapi. Wengine wanakataa, na sababu yao sikuitegemea: maoni yanaweza kuonyesha jina la akaunti, na hawataki shemeji zao wajue wanalipia mazoezi. Wengine akaunti ilifunguliwa na mtoto, neno la siri hawalijui. Tunawaacha.

Mama mmoja wa Bel-Air aliandika kwa lugha yetu yenyewe, nusu Kiswahili nusu Kifaransa, kwamba mgongo ulimsumbua tangu mtoto wa tatu na sasa anabeba ndoo tena. Wiki iliyofuata, nikitafuta "coach mal de dos" (kocha wa maumivu ya mgongo) kule Bel-Air, yaya akatokea, na chini ya jina lake Google imechomoa kipande cha maneno ya yule mama. Maelezo yangu ya herufi 750 hayajawahi kuchomolewa hivyo.

Majibu tunaandika pamoja: yeye anaongea kwa sauti, mimi nachapa. Jibu moja lilituumiza. Kwa furaha tulimpongeza mteja kwa kilo alizopunguza, tukataja idadi. Akampigia yaya: "Unaandika kilo yangu mbele ya batu bote?" Tukafuta dakika ileile, na yaya akaenda kuomba msamaha kwa miguu yake. Sasa majibu ni mafupi, na mwili wa mtu hautajwi.

Wiki ya 10

Wasifu ulikuwa na kitufe cha tovuti kisichoenda popote. Zamani Google walikuwa wanakutengenezea tovuti ndogo ya bure, wakaifunga Machi 2024. Nimetengeneza ukurasa mmoja mwepesi. Juu kuna jina, kazi na mji, kwa Kifaransa. Chini yake aya fupi kwa Kiswahili. Bei kwa dola na kwa faranga, mitaa anayofika kila siku ya juma, nafasi inayohitajika sebuleni (mkeka mmoja na upana wa mikono), na kiungo cha WhatsApp. Picha nilizibana, maana mteja anafungua kwa mega zake. Yaya aliuliza picha ya mwanamke mwembamba wa kizungu aliyoiona mtandaoni kama tunaweza kuiweka. Tumeweka yake, akiwa ameshika stopwochi, jasho usoni.

Septemba, wiki ya 13

Jakaranda zimeanza kuchanua, na nimefanya mzunguko wa tatu. Katuba na Kenya, wa kwanza. Kamalondo, wa pili. Posta na Carrefour yumo kwenye watatu wa juu kwa "coach à domicile", kwa "coach sportif" bado masali yanamfunika. Bel-Air yumo kwa mgongo na baada ya kujifungua. Golf haonekani kwa neno la jumla hata moja. Ukiandika "coach femme à domicile" (kocha mwanamke wa nyumbani) yuko wa nne.

Ripoti ya wasifu inaonyesha maneno ambayo watu walitafuta. Mengi yameandikwa tu chini ya 15, huwezi kujua ni mtu mmoja au kumi na wanne. Lakini neno lililo juu kabisa ni jina lake. Nilikaa na hilo siku nzima. Nikamwomba yaya awaulize wateja wapya watano walimpataje, na wanne wakajibu karibu sawa: dada fulani aliniambia, nikakutafuta, nikaona picha na yale watu waliyoyaandika, nikakupigia. Kumbe nilizunguka mji na pikipiki nikitaka ramani imletee wageni, na kazi iliyokuwa ikifanya ni kuthibitisha kilichosemwa kanisani na saluni. Rafiki wa yule mama wa Golf angempata leo, maana alikuwa na jina mkononi tayari.

Kwa hiyo nimepunguza hamu ya Golf. Muda huo naupeleka kwenye picha mpya kila wiki mbili, majibu ya maoni, na saa za kazi zilizo sahihi siku za sikukuu. Kijana wa Kamalondo anataka wasifu wa pili wenye alama Bel-Air kwa sababu ana binamu huko. Nimemkatalia, amesema atatafuta sekretariati nyingine.

Mzunguko wa nne nitaufanya Januari, katikati ya mvua. Nimeshaweka kando mfuko wa plastiki wa kuvalisha simu, na mlinzi wa Golf nimemwahidi fotokopi mbili za bure za kadi yake.