Raia wa Tatu

Juzi binti yangu aliniuliza, kitabu cha tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, kikiwa wazi mapajani: "Mama, huyu Brutus ni mtu mbaya au mzuri? Nataka kujua nimchukie au nimhurumie." Nikamwambia asome kwanza mpaka mwisho. Yeye akaendelea, mimi mawazo yakanirudisha kidato cha tano, kwa Madam wetu wa fasihi.

Siku hiyo madawati yalisukumwa ukutani. Tulikuwa tumefika tendo la tatu, onyesho la pili: Caesar, mtawala wa Roma, keshauawa, nusu ya tamthilia bado haijachezwa. Madam alikuwa na nakala ya tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka mara ya kwanza 1963, na alipenda kutukumbusha kwamba aliyetafuta maneno ya Kiswahili ya kusimulia mauaji ya mtawala alikuwa mwenyewe Rais wa nchi. Mpaka leo nikilifikiria hilo namheshimu Nyerere zaidi.

Sehemu ya Brutus alipewa mvulana mtulivu wa dawati la mbele. Mimi nikapewa Raia wa Tatu. Sisi wengine wote tulikuwa umma wa Roma.

Brutus akapanda juu ya meza, akaeleza kwa nini amemuua rafiki yake: alimpenda Caesar, lakini aliipenda Roma zaidi. Tukashangilia. Raia mmoja akataka asindikizwe nyumbani kwa shangwe, wa pili akataka achongewe sanamu. Zamu yangu ikafika. Nikapaza sauti: "Na awe Caesar!"

Madam akainua mkono. "Rudia."

Nikarudia. Akamgeukia aliyekuwa mezani.

"Brutus, huyo amesema nini?"

"Amenisifu, Madam."

"Amekusifu vipi?"

Akainamia kitabu. Darasa likatulia, tulisikia mafundi wakigonga bati upande wa bwenini. "Anataka niwe Caesar."

"Na Caesar ulimuua kwa nini?"

Alichelewa kujibu. Namwona hadi sasa, kidole kikiwa juu ya mstari, midomo ikicheza bila sauti. "Ili pasiwe na Caesar," alisema mwishowe, kisha akaketi palepale juu ya meza bila kuambiwa.

Madam hakutufafanulia kitu. Alituacha tutafute wenyewe Brutus anajibu nini katika kitabu, na tukaona kwamba hajibu. Anawaomba tu watu wabaki wamsikilize Antony, rafiki wa Caesar, kisha anaondoka peke yake. Tangu hapo namsoma Brutus kama mtu asiyesikia. Cassius, mwenzake katika njama, alimshauri kwamba Antony auawe pamoja na Caesar, Brutus akakataa. Akamwonya asimruhusu Antony kuhutubia mazishini, akakataa tena. Na Caesar mwenyewe hakuuawa kwa alilotenda bali kwa alilohofiwa kuja kulitenda akivishwa taji. Brutus anamfananisha na yai la nyoka, livunjwe kabla halijaanguliwa. Moyo wake ni safi, naamini hivyo kabisa. Ila masikio yake yamejaa sauti yake mwenyewe.

Yaliyofuata tuliyakimbiza kabla kengele haijalia. Antony akahutubia, akasoma wosia wa Caesar ulioachia kila raia drakma 75 za fedha, nasi tukawa watu wengine. Katika onyesho la tatu tukamzingira Cinna, mshairi asiye na hatia ila jina lake kufanana na la mmoja wa wauaji. Hapo pia Raia wa Tatu ana mstari wake: araruliwe, araruliwe, ileteni mienge. Niliusoma kwa nguvu ileile niliyomshangilia nayo Brutus.

Shakespeare hakuwapa raia hao majina, ni namba tu. Huenda wa tatu wa onyesho la pili na wa tatu wa onyesho la tatu ni watu wawili tofauti. Nimejaribu kuwasoma hivyo mara nyingi, na kila mara nasikia koo moja. Binti yangu bado hajawafikia. Ameuliza habari za Brutus tu, na kuhusu Brutus naweza kumjibu.